Milango ya paini "yenye dawa" imevimba masika yote. Hiyo dawa inafanya kazi gani?

Bi_wa_Ngambo

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wanangu wote marahaba.

Nimestaafu ualimu, na kiinua mgongo changu kiko ng'ambo ya mto Pangani, kwenye vyumba vinne vya wageni vya tofali na makuti. Bahari naisikia nikiwa kitandani. Nilitaka milango ya mninga. Fundi aliponitajia bei nilivuta kiti nikakaa. Akaniambia, mama, chukua paini ya Mafinga iliyotiwa dawa, ile ya kijani, hiyo hata uitupe baharini hainywi maji. Maneno hayo niliyarudia kwa mume wangu jioni ile kama vile nimeyatunga mimi.

Mbao zikaja Novemba kwa Fuso kutoka Tanga mjini, inchi moja kwa sita, urefu futi 12. Vijana waliokuwa wanashusha walilalamika kwamba ni nzito kuliko walivyozoea. Mmoja alinionyesha kiganja chake, kimekuwa cha kijani. Nikafurahi! Nikasema moyoni, dawa ipo ya kutosha.

Desemba milango ikatengenezwa. Mbao zimesimama wima, zimebanwa ubavu kwa ubavu kwa gundi nyeupe, nyuma zina mikanda mitatu ya kulala. Upana sentimita 80. Vanishi ikapakwa mara mbili, iking'aa mpaka unajiona.

Januari upepo wa kaskazi ulipokolea, mbao zikaachana. Mgeni mmoja alitundika khanga nyuma ya mlango kwa sababu alikuwa anaona wanaopita nje, na wao bila shaka wanamwona. Fundi akarudi, akachanganya gundi na unga wa msumeno, akaziba nyufa zote, akapaka vanishi tena.

Aprili mvua ikaingia. Milango mitatu kati ya minne ikagoma. Mgeni wa chumba namba mbili tulimtoa dirishani, mtu mzima, na mkoba wake. Fundi akaja na randa, akapunguza. Wiki mbili baadaye ikabana tena, akapunguza tena. Nikamuuliza, kiangazi itakuwaje? Akasema tutaona.

Kibaraza cha mbao kinachoangalia bahari nacho hakisemeki. Mbao zimejikunja kama vigae, misumari imechomoza vichwa, na chini ya vanishi pameingia weusi kama wino.

Maswali yangu: Je, dawa ilikuwa feki? Kuna kitu ninachoweza kupaka sasa hivi mbao ziache kunywa maji? Jirani ananiambia oili chafu, na dukani kuna kijana ananisukumia dawa ya silikoni kwa bei ya kuku watano. Na nina mbao 30 zilizobaki, nimezipanga chini ya banda, za vyumba viwili vipya. Nisaidieni kabla sijazigusa.

Chuma_Chakavu

Mama, usipoteze hela. Oili chafu ya gereji, paka mara mbili, ukimaliza paka tena. Baba yangu Handeni zizi lake lina miaka mingapi sijui, nguzo bado zimesimama. Mchwa akinusa tu anageuza.

Nguzo_Kumi

Shikamoo Bi mkubwa. Nilifanya kazi miaka 19 kwenye kiwanda cha kutia dawa nguzo za umeme huko Mufindi, sasa niko Muheza na karakana yangu ndogo. Nitaandika kwa urefu, unisamehe.

Kwanza kabla ya yote: yale maranda ya randa, fundi alipopunguza milango mara mbili, yalikwenda wapi?

Bi_wa_Ngambo

Marahaba. Maranda nilitandaza kwenye banda la kuku. Kwa nini?

Nguzo_Kumi

Yatoe leo. Vaa glovu na ufunge kitambaa puani, yajaze kwenye viroba, ukwangue na udongo wa juu kidogo. Viroba vikae pakavu, mbali na kisima, mpaka upate njia ya kuvifikisha dampo. Usiyachome, wala mpishi asiwashie jiko vipande vilivyobaki. Mayai ya kuku hao kwa sasa msile.

Sababu ni hii. Dawa ya kijani inayotumika sana kwetu ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shaba, kromiamu na aseniki. Shaba inaua kuvu wanaoozesha mti, na ndiyo inayoleta ule ukijani. Aseniki ni ya mchwa na vipekecha. Kromiamu inavifunga vile viwili kwenye nyuzi za mti visioshwe na mvua. Aliyeibuni ni Mhindi, Sonti Kamesan, mwaka 1933, na imesimamisha nguzo za umeme dunia nzima. Lakini aseniki ni sumu ile ile unayoisikia kwenye hadithi za kuulia watu. Ikishajifunga ndani ya mti mkavu, kushika nguzo hakukuui. Ukiichoma, inatoka kwenye moshi na kubaki kwenye majivu. Marekani na Ulaya waliacha kuitumia kwenye mbao za nyumba za kuishi kuanzia 2004, ikabaki kwenye nguzo na kazi za namna hiyo. Na yule kijana aliyetoka na kiganja cha kijani, ina maana dawa ilikuwa bado haijajifunga. Natumaini alinawa kabla ya kula.

Sasa swali lako. Katika hivyo vitatu nilivyokutajia, umesikia popote kitu cha kuzuia maji? Hakuna. Dawa ile inazuia kuoza na kuliwa. Ubao uliotiwa dawa vizuri kabisa, ukiunyeshea unavimba kama ndugu yake asiyetiwa. Fundi wako hakukudanganya kwa makusudi, nadhani. Wauzaji wengi wanachanganya hayo mawili, na mafundi wanayabeba hivyo hivyo.

Mti una maji ya namna mbili. Kuna yanayokaa kwenye matundu ya nyuzi, kama maji kwenye mrija. Hayo yakitoka, ubao unapungua uzito lakini upana uko pale pale. Halafu kuna yanayoshikwa ndani ya kuta za nyuzi zenyewe. Haya ndiyo yanayovimbisha, na kuta zinashiba yakifika kama asilimia 28 au 30 ya uzito wa mti mkavu. Ukikausha chini ya hapo, ubao unasinyaa. Ukinyesha, unarudi. Kwa urefu hausogei kitu cha kuonekana, ndiyo maana milango yako haijarefuka. Kwa upana ndiko kwenye balaa. Paini iliyopasuliwa kwa ubapa, kutoka mbichi hadi mkavu kabisa, inapoteza kama asilimia 7 ya upana.

Piga hesabu na mlango wako. Sentimita 80. Kaskazi iuteremshe hadi asilimia 12 ya unyevu, masika iupandishe hadi 18. Hapo unaongezeka milimita 12 hivi. Fundi kwa kawaida anaacha uwazi wa milimita 3 kila upande. Na zile nyufa ambazo zingemeza sehemu ya uvimbe, mlishazijaza gundi na unga wa msumeno mwezi Januari! Mbao zilivyorudi kutaka nafasi yao zikaikuta ina mpangaji.

Halafu hili la uzito wa kwenye Fuso. Kiwandani tunaanza na mti mkavu. Nguzo au mbao zinaingia kwenye tangi la chuma, mlango unafungwa, tunavuta hewa yote iliyomo ndani ya mti, tunafungulia dawa, kisha tunasukuma kwa presha ya baa 10 mpaka 14. Mita moja ya ujazo ya paini inaweza kunywa lita 500. Katika lita hizo 500 chumvi ya dawa yenyewe ni kilo 10 na ushei, kutegemea ukali uliopangwa. Kilichobaki chote ni maji. Kwa hiyo ubao uliotoka kwenye tangi jana ni ubao uliolowa karibu kama ulivyokuwa porini, na unatakiwa kukaa wiki kadhaa ukauke upya kabla seremala hajaushika.

Hiyo ni njia ya halali. Iko nyingine. Mtu anapasua mti mbichi, anachovya mbao kwenye pipa lililokatwa nusu, anazitoa zinatiririka, anapakia. Mti uliojaa maji hauna pa kuingizia dawa. Inabaki kwenye ngozi.

Kata ubao mmoja katikati, si karibu na mwisho, uangalie. Katikati ya shina, kwenye kiini, dawa haipiti hata kiwandani, hilo lisikutishe. Angalia sehemu ya nje ya mti, ile laini nyeupe. Ikiwa kijani kimeingia sentimita nzima na zaidi, ni kazi ya presha. Ikiwa ni mstari tu pembeni, ulinunua rangi. Vaa glovu wakati wa kukata.

Kisha kata kipande cha futi moja, kifunge na nailoni ukipime kwenye mizani, kifungue ukitundike kivulini penye upepo. Pima kila baada ya siku tatu mpaka uzito usimame. Utaniletea namba.

Chuma_Chakavu, mdogo wangu, zizi la mzee silibishii. Oili inafukuza mchwa muda fulani na inasukuma maji ikiwa bado mpya. Lakini haikauki wala haishikani na mti. Bi mkubwa akipaka kwenye mlango, mgeni wa kwanza mwenye suruali nyeupe atamdai. Rangi haitashika juu yake tena maisha, na ile oili imebeba masizi na madini ya injini, mvua itaiteremsha hadi kisimani.

Mwana_wa_Nungwi

Assalaam alaykum bibie. Mimi si seremala wa milango, lakini nimezaliwa kwenye vumbi la vyombo. Babu na ammi zangu wote wanaunda majahazi. Nimesoma alivyoeleza huyu mzee wa Muheza nikacheka, kwa sababu sisi uvimbe ambao wewe unaukimbia ndio tunaoutaka.

Jahazi jipya, au lililokaa juu mchangani muda mrefu, mbao zake zimekauka na mishono imefunguka. Tunatia kalafati, yaani pamba iliyosokotwa ikatiwa mafuta, inashindiliwa kwenye mishono kwa patasi butu na nyundo. Kuigonga kuna sauti yake. Babu alikuwa amekaa barazani na kahawa, anasikia, anapaza sauti: hapo hamjajaza. Chombo kinashushwa, siku ya kwanza kinavuja, watu wanafua maji usiku kucha. Siku ya pili kinapungua. Siku ya tatu mbao zimeshavimba, zimeibana ile pamba, basi. Hapo maji yenyewe ndiyo yaliyoziba.

Juu ya mstari wa maji tunapaka sifa, mafuta ya ini la papa. Harufu yake sitakuelezea, wageni wako wangehama usiku huo huo. Yale mafuta yanaingia ndani ya mti, jua haliupasui na mvua inateleza. Chini, panapokaa majini, ni deheni: shahamu iliyoyeyushwa ikachanganywa na chokaa. Mwalimu wangu wa kemia skuli alitufahamisha kwamba mafuta na chokaa vikikutana vinafanya sabuni, ila ni sabuni ya chokaa, haiyeyuki majini. Wazee hawakuijua kwa jina hilo, wakijua tu kwamba inashika. Kabla ya kupaka, chombo kinapitishiwa moto wa makuti makavu chini yote, kuua minyoo inayotoboa mbao. Na kazi hii si ya mara moja. Chombo kinapandishwa, kinachomwa, kinapakwa, baada ya miezi kinapandishwa tena. Ukimwambia fundi wa chombo kuna kitu unapaka mara moja mti usinywe maji milele, atakutazama vizuri akuulize umetoka wapi.

Kitu kimoja nimekumbuka. Ammi yangu akipaka sifa, vichwa vya mbao, pale ulipokatwa msumeno, alikuwa anavinywesha mara nne tano mpaka vikatae. Ubapa mara moja unatosha.

Korosho_Mbichi

Niongezee la huku kusini. Mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi mazito yanayotoka wakati wa kubangua, yanakuwa kama lami ngumu yakikauka, na mchwa hayapendi. India wanapakia mitumbwi tangu zamani. Mjomba alipakia miimo ya mlango wa stoo. Lakini aliyapaka mikono mitupu, akavimba vidole kama amemwagiwa uji wa moto, ngozi ikambambuka yote. Anayetaka kujaribu avae glovu na asikaange jikoni, ule moshi unachoma macho na kifua.

Fundi_Baridi

Naandika nikiwa Uholanzi, nafunga madirisha na milango, mwaka wa nane sasa. Mama aliuliza kama kuna cha kupaka mbao ziache kunywa maji, nami nitamtajia mti unaokunywa kidogo sana. Upo, na ni paini pia, lakini haupakwi kitu. Unabadilishwa ndani.

Ni hivi. Kwenye kuta za nyuzi za mti kuna vijishikizo vidogo vinavyoyakamata maji. Kiwandani wanaupika mti kavu kwenye asetiki anhidridi, ndani ya tangi lenye joto na presha. Ile kemikali inakaa kwenye vile vijishikizo, maji yakija yanakuta pameshakaliwa. Mti unaongezeka uzito kama asilimia 20, na uvimbe wote unapungua kwa robo tatu hivi. Mabaki ya kazi hiyo ni asidi ya siki. Ukipasua ubao wake karakana nzima inanukia kachumbari. Kuvu nao wanashindwa kuula ingawa hauna sumu yoyote. Kiwanda cha Arnhem kinauza tangu 2007, kwa jina la Accoya, na kule Sneek kuna daraja la barabara la mti huo, malori yanapita juu.

Sasa mama usiende kutafuta hiyo kemikali dukani. Inaunguza ngozi na mapafu, na bila tangi, joto na mti mkavu kabisa utapata siki na hospitali. Na bei ya ubao wenyewe, hata hapa tajiri anauliza mara mbili. Misumari ya kawaida inaliwa na ile asidi, lazima ya chuma kisichoshika kutu.

Halafu ile silikoni ya bei ya kuku watano. Inasukuma matone ya mvua kwa muda, ni kweli. Mvuke inaupitisha. Na masika ya pwani hewa yenyewe ni maji. Hakuna cha kupaka kinachozuia mvuke kabisa, vyote vinauchelewesha tu. Kuchelewesha kunasaidia lakini, kwa sababu mlango unaochelewa kunywa unakutana na jua kabla haujashiba.

Bi_wa_Ngambo

Nimerudi, ni wiki tatu na siku nne.

Maranda yametoka, viroba sita, kuku wamenuna. Ubao niliukata mimi mwenyewe, mume wangu ameshika upande wa pili. Kijani ni mstari mwembamba kama ganda la embe, milimita 2 pengine. Ndani ni mweupe, mbichi, unanukia msitu. Nimekaa nikautazama kipande kile muda mrefu. Niliyemuuzia maneno mume wangu ni mimi.

Namba za mizani: siku ya kwanza gramu 840. Baada ya siku tatu 781. Kisha 733, 700, 676, 658, 646. Mara mbili za mwisho imesema 640 na 640.

Kisha nikatoa mlango wa chumba namba mbili kwenye bawaba, nikaulaza juu ya meza. Mbele unang'aa, nyuma unang'aa. Nikaugeuza kuangalia ukingo wa chini, ule unaokaribia sakafu. Vanishi hakuna, hata tone! Mbao tupu, zimekuwa nyeusi, na ukizibonyeza kwa ukucha zinaingia. Ukingo wa juu vile vile. Milango yote minne ndivyo ilivyo.

Nguzo_Kumi

Basi tumemaliza upelelezi.

Kivulini pwani ubao unatulia kwenye asilimia 15 au 16 ya maji. Kipande chako kimetulia kwenye 640, kwa hiyo mti mkavu mtupu ndani yake ni gramu 550 hivi. Kilipokuwa 840 kilikuwa na maji zaidi ya nusu ya uzito wa mti. Na hapo zilishakaa chini ya banda miezi sita, zimebanana bila nafasi ya upepo, nadhani sikosei. Novemba zilikuwa mbaya zaidi. Ulitengenezewa milango kwa mti mbichi uliopakwa rangi.

Na huo ukingo wa chini ndio mdomo wenyewe. Nyuzi za mti zimesimama kama mirija, kichwa cha ubao kinanywa haraka mara nyingi kuliko ubapa. Maji yanaingia chini, yanapanda, vanishi ya mbele na nyuma inayazuia yasitoke. Weusi uliouona kwenye kibaraza ni hayo hayo, yameingia kwenye vichwa na matundu ya misumari, yakafungiwa. Mzee wa kule Nungwi aliyenywesha vichwa mara nne alijua.

Mbao 30 zipange upya, hewani, juu ya matofali, kila safu itenganishwe na vipande vya inchi moja, juu weka mabati, pembeni acha wazi. Inchi moja ya paini kwa upepo wa kusi uliopo sasa, mpe miezi miwili au mitatu. Pima kwa kipande kama ulivyofanya.

Milango iliyopo iache itumike mpaka hizo zikauke, kisha usitengeneze tena ya mbao zilizogandishwa ubavu kwa ubavu. Fanya ya fremu na paneli. Miguu ya fremu ina upana wa sentimita 10 tu, kwa hiyo inavimba kidogo, na paneli inakaa ndani ya mfereji bila gundi, ivimbe isinyae humo humo bila kumsumbua mtu. Kila kipande kinyweshwe kabla ya kuunganishwa. Nitakupa mchanganyiko ninaoutumia, unatoka kwenye maabara ya misitu ya serikali ya Marekani kule Madison, Wisconsin: nta nyeupe ya mshumaa gramu 28, mafuta ya kitani (linseed) yaliyochemshwa mililita 350, kisha tapentaini mpaka jumla ifike lita 3.8. Nta iyeyushe nje, chombo kikiwa ndani ya sufuria ya maji moto uliyoitoa jikoni tayari, ichanganye na mafuta, kisha uimimine polepole kwenye tapentaini huku unakoroga. Moto usiwepo popote karibu. Vichwa vinyweshe mpaka vikatae, ubapa mara moja. Kikikauka siku kadhaa, paka rangi ya mafuta pande zote sita, chini na juu kwanza ili fundi asisahau. Rangi, si vanishi. Jua la pwani linapita kwenye vanishi na kula mti ulio chini yake, ndiyo maana inabambuka.

Matambara ya mafuta ya kitani usiyarundike. Yanajipasha moto yenyewe mpaka yanawaka. Yaloweke kwenye ndoo ya maji au yaanike mojamoja nje. Karakana ya jirani yangu iliungua hivyo, usiku, hakuna aliyewasha kitu.

Kwa kibaraza usipake kinachofanya ngozi juu ya mbao, kama rangi au vanishi. Mchanganyiko huo huo tu, kila mwaka kabla ya masika, na mbao zilale upande unaozuia kujikunja kama bakuli. Ukitazama kichwa cha ubao, miduara ya miaka iwe imebinuka juu kama paa.

Na kwa kuwa paini yako haina dawa ya ndani, miimo inayogusa sakafu weka msaji, yaani mtiki. Huku Muheza tuna shamba la misaji la Longuza, vipande vifupi havina bei kubwa. Ile mninga uliyoikimbia, siri yake ni kwamba inasinyaa kidogo mno kuliko miti mingi. Si utajiri tu.

Chuma_Chakavu

Nimeenda kuangalia zizi. Nguzo mbili ukizisukuma zinacheza. Baba anasema zilibadilishwa mwaka juzi, kumbe.

Bi_wa_Ngambo

Chuma, pole baba, nimecheka lakini.

Nguzo_Kumi, ahsante sana. Fundi nimemwita nikamwonyesha ukingo wa chini, akakaa kimya, kisha akasema kwa miaka yote hakuna mteja aliyewahi kugeuza mlango. Tumekubaliana atafanya mipya kwa nusu ya ufundi, na mimi ndiye nitakayeshika brashi upande wa chini. Mbao tumezipanga leo asubuhi kwenye matofali. Nimebakiwa na swali moja: huyo mgeni wa chumba namba mbili ameandika anarudi Desemba, na anaulizia kama ataweza kutumia mlango. Nimjibu nini?

Nguzo_Kumi

Mwambie mlango utakuwa tayari. Ila ukiutundika kiangazi mwachie fundi uwazi mkubwa kidogo, milimita 5 upande wa kitasa. Utaonekana umelegea. Usimruhusu aubane mpaka masika ipite.